Malipo kwa Ufanisi: Kinachopimwa kwa Daktari na Kisichopimwa

Kila mageuzi ya sekta ya afya yanapotangaza malipo kwa ufanisi, yaani fedha zinazotolewa kulingana na kazi iliyopimwa, madawati ya malalamiko hupokea barua za aina moja: mgonjwa hakupona, basi daktari akatwe posho. Uchungu wa waandishi wa barua hizo tunauelewa, lakini dai hilo halina pa kupelekwa, kwa kuwa mfumo huu haumlipi daktari kwa kila roho aliyoiokoa. Tungelipa kwa kupona, mgonjwa mahututi angegeuka mzigo ambao kila kituo kingemsukumia mwenzake kwa jina la rufaa.

Kinachopimwa ni kazi ya kituo kizima katika kipindi maalumu, mara nyingi robo mwaka: wajawazito waliojifungulia kituoni, watoto waliokamilisha chanjo, wagonjwa wa kisukari waliopimwa sukari na majibu yakaandikwa. Kituo huwasilisha idadi. Mhakiki huilinganisha na rejesta mstari kwa mstari. Kisha hukaguliwa ubora, kuanzia usafi wa chumba cha kujifungulia hadi upatikanaji wa dawa muhimu. Nchini Rwanda, ambako mfumo ulianza kuenezwa nchi nzima mwaka 2006, malipo ya idadi yalizidishwa kwa alama ya ubora, hivyo kituo chenye alama ya asilimia 80 kilipokea asilimia 80 ya fedha ambazo wingi wa huduma zake ungekipatia. Fedha huingia kituoni, na sehemu ya watumishi hugawanywa humo humo. Taarifa ikizidi rejesta kupita kiwango kinachovumilika, malipo hukatwa; udanganyifu ukijirudia, mkataba unaweza kusitishwa.

Rejesta nayo inaweza kudanganya. Ndiyo maana katika mifumo mingi huchaguliwa majina machache na wahusika kufuatwa nyumbani, ili kubaini wagonjwa hewa. Hapa wananchi hutukwamisha: wengine hufunga mlango, wengine hujibu ndiyo kwa kila swali wakidhani wanamlinda daktari wao. Kuthibitisha huduma ambayo hukuipata ni kusaidia kituo kulipwa kwa kazi ambayo haikufanyika. Mhakiki mwulize kitambulisho chake, kisha mjibu ukweli. Anachotafuta ni kama ulihudumiwa, si siri ya ugonjwa wako.

Je, malipo haya hufanya kazi? Kwa sehemu. Tathmini ya Rwanda ililinganisha vituo vya mfumo huu na vingine vilivyopewa fedha kama hizo bila sharti la ufanisi: uzazi wa kituoni uliongezeka kwa asilimia 23, ilhali wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne ya kliniki hawakuongezeka. Hudhurio lililipiwa kidogo mno likilinganishwa na uzazi, na kukamilisha mahudhurio hutegemea pia uamuzi wa mama mwenyewe. Uingereza, iliyoanza mwaka 2004 kufungamanisha sehemu kubwa ya mapato ya madaktari wa familia na viashiria, yaani vipimo vya huduma, iliona baadhi ya huduma zisizofungamanishwa na malipo hayo kwa wagonjwa wa pumu na moyo zikishuka ubora. Scotland iliachana na utaratibu huo mwaka 2016. Anayeahidi kwamba posho pekee itawawajibisha madaktari anaahidi asichoweza kukitimiza.

Uzembe, lugha chafu na rushwa vina njia zake, na si ofisi ya malipo. Lugha chafu ianzie kwa uongozi wa kituo. Rushwa ipelekwe kwenye chombo cha kuizuia. Uzembe wa kitaaluma hupelekwa kwenye baraza linalosajili madaktari, kwa maandishi yanayotaja tarehe, kituo, jina la daktari kama linafahamika na yaliyotokea kwa mfuatano wake, pamoja na nakala za kadi na vyeti. Nakala halisi zibaki kwako. Baraza linaweza kuonya, kusimamisha leseni au kufuta jina kwenye daftari la usajili, lakini anayetaka fidia kwa kawaida huifuata mahakamani. Daktari aliyelalamikiwa ana haki ya kujibu kabla ya uamuzi, kwa hiyo ukimya wa wiki kadhaa hauna maana kwamba barua yako imetupwa.