Je, wajua kwa nini mkunga wa kilindi cha bahari ana mdomo mkubwa namna ile?

Jumamosi nilikuwa City Market hapa Nairobi, nangoja kuparuliwa changu wawili, mpwa wangu akanisogezea simu. "Mjomba, huyu ni samaki ama ni puto?"

Kwenye video kiumbe cheusi chembamba kilifumuka kichwa hadi kikawa duara, kisha kikanywea, ukabaki mkia mtupu. Video yenyewe ilipigwa Septemba 2018 na wanasayansi wa meli ya utafiti ya Nautilus, katika bahari ya Hawaii.

Ni samaki. Ni mkunga, jamaa wa mbali wa wale wanaojificha kwenye mashimo ya matumbawe huko Pwani. Wataalamu humwita Eurypharynx pelecanoides, jina lililotolewa mwaka 1882 na Mfaransa Léon Vaillant. Neno la pili lamfananisha na mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo. Kwa kawaida urefu wake ni sentimita 75 hivi, na taya peke yake huchukua kama robo ya mwili. Kinachobaki ni mkia mrefu kama mjeledi.

Kwao ni wapi? Sisi Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda treni hadi Mombasa unateremka kimo hicho chote. Sasa fikiria umefika, ukaingia baharini, ukateremka tena kimo kile kile. Hapo umebisha hodi kwake. Huishi kati ya mita 500 na 3,000, katika bahari nyingi za dunia, ya Hindi ikiwemo. Chini ya mita 1,000 jua halifiki kabisa, na maji ni baridi kama ya friji. Kwenye mita 1,500, eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba hubeba uzito wa mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Hapondeki, kwa sababu kinachobanwa na uzito ule ni hewa, naye hana kile kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki wengi kuelea. Mwili wake ni laini, umejaa maji, hauna magamba wala mbavu.

Tukirudi kwenye mdomo, mpwa wangu aliamini kwamba unameza papa. Nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini waliopasua matumbo ya mikunga hawa wamekuta zaidi kamba wadogo na jamaa zao, na mara nyingine samaki wadogo na ngisi. Meno yake nayo ni madogo mno, hayawezi kumshika mnyama mwenye nguvu.

Mzee aliyekuwa akituparia samaki, mtu wa Lamu, alikuwa akitusikiliza huku kisu kikienda. Akaiangalia video mara moja tu. "Huo si mdomo wa ndoana, mwanangu. Huo ni kimia."

Sikuwahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Ndoana hungoja samaki mmoja, tena aje mwenyewe. Kimia hurushwa, kikafunguka duara, kikafunika maji mengi kwa mpigo mmoja, na chochote kilichomo ni chako. Katika kilindi cha bahari chakula ni haba na kimetawanyika, na mkunga huyu si mwogeleaji wa kukimbiza windo. Anachoweza ni kuufungua mdomo mpana, azoe maji pamoja na kamba waliomo, aufunge, kisha maji yatoke polepole kupitia matamvua. Ngozi ya mdomo huvutika sana, ndiyo maana tuliona puto.

Kwenye ncha ya mkia ana kiungo kinachotoa mwanga wa waridi, na mara moja moja mwekundu. Huenda ni chambo.

"Na watoto wake, Mjomba?" Watoto huanza maisha katika maji ya juu yenye mwanga, wakiwa bapa kama jani na mwili unaoonyesha ng'ambo, halafu hushuka wakikua. Dume likikomaa hubadilika tena: meno na taya hudhoofika, viungo vya kunusia vikawa vikubwa. Kimia chote kile hakina kazi tena. Katika giza lile, dume hulifuata jike kwa harufu.