Seli mbili za volti 3.7 zaweza kutofautiana

Hapa Goma, kwa mafundi wa Birere, utasikia siku zote: seli za lithiamu (betri ndogo za kuchaji) zote zimeandikwa volti 3.7, basi unganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, taa itadumu zaidi umeme ukikatika. Nusu yake ni kweli: uwezo huongezeka, volti hubaki ileile.

Lakini 3.7 ni wastani tu. Seli iliyojaa ina 4.2, iliyokwisha hukaribia 3.0. Ukiziunganisha hivyo, iliyojaa humwaga umeme ndani ya mwenzake papo hapo. Tofauti ya volti 1 kwenye ukinzani wa jumla wa omu 0.1 hutoa ampea 10, na seli nyingi hazikuundwa kuchajiwa kwa kasi hiyo. Joto huanzia hapo, pengine na moto.

Chaji kila seli peke yake hadi 4.2, iache itulie, kisha pima kwa multimeta. Zisipishane zaidi ya volti 0.05. Ziwe za aina moja na umri mmoja. Zile za laptopu kuukuu mimi huzitenga, hata ziwe za bure: moja ikichoka, wenzake hubeba mzigo wake. Na ubao wa ulinzi, saketi ndogo inayokata umeme seli ikizidi kujaa au kuisha, usiondolewe.