Je, wajua kwa nini gemu ya kompyuta iliyoamilishwa haiuziki, ilhali si sheria inayokuzuia kuiuza?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaambia watu, tena kwa kujiamini, kwamba ukishaamilisha gemu ya kompyuta, yaani ukishaingiza ile namba ndefu iliyochapishwa ndani ya boksi na programu ikaikubali, sheria inakukataza kuiuza. Nilikuwa nimekosea. Baadaye nikasoma habari za hukumu moja ya Ulaya, nikageuka, nikawa nawaambia watu wale wale kwamba sasa sheria inamlazimisha mtengenezaji akuruhusu kuiuza. Hapo nikakosea mara ya pili, safari hii kwa upande wa pili. Ukweli ni wa ajabu kuliko makosa yangu yote mawili: haki ya kuiuza diski yako unayo, ila ukiiuza, mnunuzi hapati gemu.

Msingi wa mambo haya ni wa zamani. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wachapishaji wa vitabu, Bobbs-Merrill, waliokuwa wamechapa ndani ya kitabu chao onyo kwamba mtu asikiuze chini ya dola moja. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mwenye hakimiliki akishauza nakala, mamlaka yake juu ya bei na safari ya nakala hiyo yamekwisha. Hiyo huitwa kanuni ya mauzo ya kwanza, na Ulaya nako kuna ya namna hiyo. Huko Japani watengenezaji wa gemu walijaribu kuyazuia maduka ya mtumba, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikawakatalia. Ila kanuni hii inahusu kuipitisha nakala ile ile mkono kwa mkono. Haki ya kutoa nakala mpya hubaki kwa mwenye hakimiliki. Lishike hilo la nakala mpya, tutalihitaji.

Turudi kwenye ile namba. Wengi huiita ufunguo, na nadhani jina hilo ndilo lililonipotosha. Ufunguo haumjui mwenye nyumba. Ukimpa jirani, mlango unafunguka. Akikurudishia, unafunguka tena. Namba ya kuamilisha inafanana zaidi na stakabadhi ya kuchukulia mzigo ghalani. Unafika na karatasi yako, karani anaitafuta namba katika daftari, anaiona ipo, kisha anafanya mambo mawili: anaichana karatasi, na anaandika jina lako mbele ya mzigo. Tangu hapo hana haja na karatasi. Kila ukija anakuuliza jina tu. Daftari ni hifadhidata iliyo kwenye seva ya kampuni, jina ni akaunti yako, na kuichana karatasi ni kuitia namba alama kwamba imekwishatumika.

Sasa viokote vile vipande vya stakabadhi umuuzie mtu. Hakuna atakayekukamata, maana karatasi ni yako. Mnunuzi atakwenda ghalani, na karani atamjibu kwa adabu zote kwamba mzigo huu una mwenyewe. Je, diski? Katika mfano huu diski ni mkokoteni: imebeba mafaili ili usipakue gigabaiti nyingi kwa intaneti. Yapo hata maboksi ya gemu yaliyouzwa bila mkokoteni, ndani mna karatasi yenye namba peke yake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika gemu za zamani namba ilikaguliwa na programu yenyewe, ndani ya kompyuta yako, kwa hesabu fulani, bila kuuliza mtu yeyote nje. Huo ulikuwa ufunguo wa kweli, na ndiyo maana diski zile ziliuzika. Half-Life 2 ya mwaka 2004 ilimtaka hata aliyenunua diski afungue akaunti ya Steam, huduma ya gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Valve. Mwaka 2008 ikaja Spore na karani wa tabia nyingine, aliyekuwa akihesabu umeamilisha mara ngapi. Mwanzoni kikomo kilikuwa mara tatu, wachezaji wakapiga kelele, kikasogezwa hadi tano.

Half-Life 2 ndiyo iliyofika mahakamani. Shirikisho la vyama vya watetezi wa walaji la Ujerumani liliishtaki Valve kwa kifungu cha mkataba kinachokataza kumpa mtu mwingine akaunti. Februari 2010 mahakama ya juu ya Ujerumani kwa kesi za madai ikatoa jibu ambalo nililisoma mara mbili kuhakikisha sijaelewa vibaya. Ilisema, kwa maneno yangu, kwamba diski ni yako na uko huru kuiuza. Kwamba mnunuzi hataweza kuichezea kitu, hilo linatokana na jinsi huduma ya akaunti ilivyopangwa, wala haliigusi kanuni ya mauzo ya kwanza. Kisheria hoja hii imenyooka kabisa. Kwa mwenye diski mkononi, amepewa uhuru kamili wa kuuza duara la plastiki.

Kosa langu la pili lilizaliwa tarehe 3 Julai 2012. Siku hiyo Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kati ya Oracle, watengenezaji wa programu, na UsedSoft, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa ikiuza leseni za programu zilizokwishatumika. Mahakama ikasema: ukipakua programu kwa intaneti na ukalipia leseni isiyo na mwisho, hayo ni mauzo, na mtengenezaji hawezi kukuzuia kuiuza leseni hiyo. Nilisoma kichwa cha habari nikaona kazi imekwisha. Gemu si programu? Gemu inapakuliwa, imelipiwa mara moja, haina tarehe ya mwisho. Nikatangaza.

Nilichokuwa sijakisoma ni hukumu yenyewe, na inafaa tukae nayo kidogo, kwa sababu kosa hili bado linatembea. Kwanza, kumnyima mtengenezaji haki ya kukupinga ni jambo moja, na kumwamuru akusaidie ni jambo jingine. Hukumu ile haikumwagiza karani yeyote abadilishe jina katika daftari. Pili, ilidai muuzaji aifanye nakala yake isitumike tena kabla ya kuiuza. Huwezi kuuza na kubaki nayo. Tatu, ambalo lilinipita kabisa, ilitegemea sheria mahususi ya Ulaya kuhusu programu za kompyuta. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Nintendo, ikasema gemu ni zaidi ya programu, kwa kuwa ndani yake mna picha na sauti zenye hakimiliki yake. Na Desemba 2019 ikaamua kwamba vitabu vya kielektroniki vilivyopakuliwa haviingii katika kanuni ya mauzo ya kwanza.

Ufaransa ilinipa tumaini la muda. Chama cha walaji cha UFC-Que Choisir kiliishtaki Valve, na Septemba 2019 mahakama ya Paris ikakubali kwamba wachezaji wana haki ya kuuza gemu walizopakua. Mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2022, na Oktoba 2024 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikakubaliana na ya rufaa: gemu ni kazi mchanganyiko, hukumu ya 2012 haiihusu. Hizi, bila shaka, ni hukumu za nchi moja moja, na anayeishi kwingine asizichukue kama za kwake.

Marekani imefika huko huko kwa njia nyingine. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilimkatalia mtu aliyekuwa akiuza kwenye eBay nakala za AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwa hoja kwamba mnunuzi wa kwanza alipewa leseni na hakuuziwa kitu. Mwaka 2018 nyingine ikaikatalia ReDigi, iliyokuwa soko la mtumba la mafaili ya muziki. Hapo ndipo lile la nakala mpya linaporudi: faili halihami kama kitabu, linaandikwa upya upande wa pili, na kuandika upya ni kunakili.

Lakini itazame hoja hii ukiwa na lile daftari kichwani. Hofu ya mahakama na ya watengenezaji ni kwamba muuzaji atauza huku amebaki na nakala. Kwa faili la kawaida ni hofu ya haki. Gemu iliyoamilishwa, hata hivyo, ndiyo bidhaa ambayo hofu hiyo ingetibika kwa urahisi kuliko zote: futa jina hili, andika lile, na wa kwanza hawezi kucheza tena. Daftari lile lile linalozuia mtumba ndilo lingeufanya uwe salama. Kinachokosekana ni kalamu, na kalamu anayo kampuni.

Na kalamu hiyo hufuta majina kila siku, hasa pesa zinaporudishwa. Tangu Juni 2015 Steam hurudisha pesa kwa sehemu kubwa ya gemu ikiwa hazijapita siku 14 tangu kununua na hujacheza zaidi ya saa mbili. Gemu inatoka kwenye akaunti yako, basi. Hapa tena kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kubadili nia. Ulaya hutoa siku 14 kwa aliyenunua kwa mbali, lakini haki hiyo inapotea ukishafungua kifungashio cha programu, au ukikubali waziwazi upakuaji uanze mara moja huku ukijua unaipoteza. La pili ni ubovu, na huko kuamilisha hakukupotezei haki. Kwani ungejuaje kuwa gemu ni mbovu bila kuiamilisha? Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Januari 2022 inataka gemu mbovu irekebishwe, na ikishindikana bei ipunguzwe au mkataba uvunjwe, na inampa muuzaji ruhusa ya kuifunga akaunti baada ya hapo. Huko Australia, Valve ilidai haifungwi na sheria za walaji za nchi hiyo, ikapigwa faini ya dola milioni tatu za Australia mwaka 2016.

Upande wa konsoli, yaani mashine maalumu za kuchezea gemu, diski nyingi bado ni ufunguo wa kweli. Microsoft ilijaribu kubadilisha hilo kwa Xbox One mwaka 2013, ikarudi nyuma wiki chache baada ya kutangaza. Nintendo nayo, kwa Switch 2 ya mwaka 2025, ina kadi ambazo ndani hazina gemu: unaichomeka, gemu inapakuliwa kwa intaneti, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwemo. Kadi hiyo tupu unaweza kuiuza, na mnunuzi akacheza, mradi seva ya kupakulia bado ipo. Ile DVD ya Half-Life 2, iliyobeba mafaili yake, haimfikishi popote.