Kigongo cha mtoto hakingoji kambi

Juzi tena. Mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kaja na mtoto wake wa miaka tisa, mkononi kashika karatasi iliyokunjwa mara nne hadi imelainika kama kitambaa, ndani kuna jina la mtoto na mwezi ambao kambi ya wazungu wanaopasua migongo itafika. Jirani ndiye aliyemwandikia. Kaitunza karatasi hiyo miezi saba, na miezi yote hiyo mtoto yuko nyumbani anasubiri, kigongo, ile nundu ya mgongoni, kinazidi kuchomoza, na hakuna aliyempa hata kidonge kimoja.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, huku magharibi mwa Uganda, na hii imani kwamba mgongo uliopinda ni kazi ya madaktari wa ng'ambo wanaokuja wiki moja na vyuma vyao, wengine wote tukae tusubiri, imenichosha. Naisikia kwa wagonjwa, naisikia kwa wenyeviti wa vijiji, naisikia kwa wahudumu wa afya ambao wangepaswa kujua zaidi. Nikiuliza kwa nini hamkumleta mapema, jibu ni lile lile, "tulisikia kuna kambi inakuja".

Nilidondosha sarafu ya mia mbili sakafuni nikamwambia mtoto okota, ni yako. Mtoto mwenye mgongo mzima anainama tu anachukua. Huyu alikunja magoti polepole, akachuchumaa mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja kaukaza kwenye paja, akaokota, halafu akajipandisha kwa kujishika mapaja. Nikamuuliza mama, anakohoa? Hakohoi. Usiku je? "Usiku analia dokta, na jasho, nguo zinaloa." Nikamlaza, nikasukuma wayo wa mguu kwenda juu kwa ghafla, mguu ukaanza kutetemeka wenyewe bila kuacha. Hapo tayari neva za mgongo zinabanwa. Eksirei ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa upande wa mbele, diski ya katikati haipo, zimeangukiana.

Hiyo ni TB. Najua watu wakisikia TB wanafikiria kifua na makohozi na kuambukizana vikombe, basi wakiona mtoto hakohoi wanasema si TB, ni kutupiwa, au alianguka kwenye mwembe, au mama alimbeba vibaya. Huyu wetu alikuwa na chale kumi na mbili juu ya kigongo, nimezihesabu. Sikumgombeza mama, alikuwa anatafuta msaada pale ulipokuwepo. Mdudu anaingia kwa pumzi, anasafiri na damu, anatulia kwenye pingili, na pingili ikiisha mbele mgongo unakunjika. Daktari Percivall Pott kule Uingereza aliandika habari za migongo hii na miguu inayopooza mwaka 1779, miaka zaidi ya mia moja kabla mdudu mwenyewe hajajulikana. Sio ugonjwa mgeni na sio wa siri.

Na unatibika kwa vidonge. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Miaka ya 1960 kule Korea, Masan na Pusan, walifanya majaribio makubwa, wagonjwa wa TB ya mgongo wengine wakalazwa kitandani miezi sita, wengine wakatembea zao nyumbani na dawa, wengine wakafungwa plasta ya kiwiliwili wengine hawakufungwa. Matokeo hayakutofautiana. Kilichoponya ni dawa. Dawa hizo leo ni bora zaidi, na Uganda kwenye vituo vya serikali ni bure, RHZE, yaani mchanganyiko wa dawa nne, miezi miwili, halafu RH, mbili kati ya hizo, miezi kumi. Bure! Na mtoto anakaa miezi saba anasubiri ndege.

Sasa kuna jambo linalokwamisha watu na nataka nilieleze vizuri maana wengi wanaacha dawa kwa sababu yake. Dawa haziondoi kigongo. Zinaua mdudu, zinakausha usaha, maumivu yanaisha, mara nyingi hata miguu iliyolegea inarudi, lakini mfupa ulioliwa haurudi, na pingili zilizoangukiana zinaungana vile vile zilivyo. Basi mzazi baada ya miezi mitatu anaangalia mgongo wa mtoto, anaona kigongo bado kipo, anasema dawa zimeshindwa, twende tukasubiri kambi. Hapana. Kigongo kubaki si kushindwa, ila kigongo kuongezeka hiyo ni habari nyingine, na kwa mtoto mdogo kinaweza kuongezeka hata mdudu akiwa ameshakufa kwa sababu mtoto bado anakua na upande wa mbele haukui. Hao ndio wanaohitaji daktari wa upasuaji, pamoja na wale ambao miguu inazidi kulegea wakiwa kwenye dawa, na wale ambao mgongo hauna mhimili tena. Yaani upasuaji unafuata dawa au unakwenda nazo pamoja, hauchukui nafasi yake. Nimekaa kwenye kambi zenyewe nikitafsiri, nimemwona mzee mmoja mgonjwa kasubiri mwaka, kapanga foleni tangu alfajiri, daktari kaangalia picha dakika tano kasema, mwanzishieni dawa za TB. Yule mzee aliniangalia mimi, hakumwangalia daktari.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Mkojo ukiwa rangi ya chungwa ni dawa, usiogope. Nyayo zikichoma moto rudi kilinika uongezewe vitamini B6, usiache dawa. Aliyepooza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, maana vidonda vya kulalia vinaua watu ambao mgongo wao ungepona.

Lazima pia niseme ninapotilia shaka. Huku kwetu ni nchi ya ng'ombe, watu wanakunywa maziwa bila kuchemsha, na brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, nayo inakula mgongo, na kwenye eksirei peke yake mara nyingi siwezi kuapa ni ipi. Asiyekohoa hana makohozi ya kupima, ukitaka uhakika unahitaji usaha wenyewe au kipande cha mfupa, na sindano hiyo haipo kila hospitali. Kwa hiyo wengi tunawaanzishia dawa kwa kukadiria. Na rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inampiga brusela pia, nusu nusu, mgonjwa anapata nafuu kidogo na sisi tunaridhika, kumbe tumekosea. Imeshatokea mikononi mwangu, mchungaji mmoja wa ng'ombe, tuligundua akiwa mwezi wa tano kwenye dawa. Bado namfikiria.

Nisieleweke kwamba nazikataa kambi. Timu ya Dokta Isador Lieberman kutoka Texas imekuja Uganda miaka mingi, hospitali za Mulago na Mbarara, na kuna watu wanatembea kwa sababu yao. Kule Mbale hospitali ya CURE ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na daktari wa upasuaji Benjamin Warf kutoka Marekani, watoto wa vichwa maji na wa mgongo wazi, akafundisha Waganda, na John Mugamba akaiendeleza kazi na kufundisha wengine. Huo ndio msaada ninaoutetea, unaobaki ndege ikishaondoka. Maana nimeona pia kambi nyingine, sitaitaja, vyuma vikawekwa vizuri kabisa, wiki ya tatu kidonda kikatoa usaha, tukapiga ile namba tuliyoachiwa haikupokelewa, na hospitali haikuwa na bisibisi ya skrubu zile. Bisibisi tu! Anayetaka kuchangia mgongo wa mtu wa kijijini na aulize hilo kwanza, nani atasafisha kidonda wiki ya tatu. Halafu achangie nauli. Dawa ni za bure lakini bodaboda sio bure, teksi sio bure, na dozi ya mwaka mzima ni safari nyingi kwa mama anayeishi kwa mgao wa wakimbizi. Wagonjwa wangu wanaokatika dozi wengi wamekatwa na nauli.

Yule mtoto tulimpeleka kilinika ya TB siku ile ile. Mama aliniuliza je nifute jina lake kwenye orodha ya kambi, nikamwambia usifute, atakapofika daktari wa upasuaji aupime mgongo wake, anakua bado. Tukaikunjua ile karatasi, chini ya mwezi wa kambi sista akaandika tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya kurudi. Vidonge vya kwanza kavimeza pale kwenye benchi, ile mia mbili bado kaifumbata. Nauli ya kuwarudisha tumechanga mimi na sista. Ya mwezi ujao bado hatujaipata.