Uraibu wa ponografia: hamu inayobaki baada ya raha kuondoka

Pwani ya zamani, uraibu halikuwa neno la kutisha. Bibi aliyekaa barazani na kijaluba chake, akipaka chokaa kwenye jani la tambuu na kukata popoo, alikuwa na uraibu wake. Mzee wa tumbaku naye alikuwa na wake. Ulikuwa mzoeo wa mtu, na majirani waliutania.

Unga ndio ulioligeuza neno. Siku hizi ukisema mraibu, watu wanaona teja amejikunja kituoni kwa arosto: kamasi zinamtoka, tumbo linamkata, viungo vinauma kama vimepondwa. Kwa hiyo kijana anapoandika mtandaoni, "Mimi ni mraibu wa pilau, nisaidieni," (pilau hii si ya Idi, ni jina la mtaani la video za ngono) amebeba picha hiyo nzima ya teja na kujivika. Je, inamtosha?

Madaktari wenyewe wamebishana juu ya hilo kwa miaka zaidi ya 40. Dhana ya uraibu wa ngono ilipata umaarufu Marekani kuanzia 1983, kwa kitabu cha mwanasaikolojia Patrick Carnes. Lakini mwaka 2013, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa, kilikataa kuiingiza hali ya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani likaenda njia ya tatu. Katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeitambua hali hiyo kama ugonjwa, ila limeuita ugonjwa wa kushindwa kudhibiti tabia ya ngono. Limeuweka pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, mbali na ukurasa wa pombe, unga na kamari. Kutazama ponografia kupita kiasi kunaingia humo, sawa na kununua ngono bila kujizuia au kupiga punyeto kazini mara kadhaa kwa siku.

Maelezo ya ugonjwa huo yanafaa kusomwa polepole. Mtu anashindwa kuzuia msukumo mkali wa ngono unaojirudia, kwa miezi sita au zaidi. Jambo hilo limekuwa kitovu cha maisha yake hadi anaacha kujitunza, kazi imelegea, watu wake wamesahauliwa. Au amejaribu kupunguza mara nyingi akashindwa. Au ameshaona madhara na bado anaendelea. Au, na hapa ndipo penye uzito kwangu, anaendelea ingawa haimpi tena raha yoyote ya maana. Idadi ya video haikutajwa popote, wala saa kwa wiki.

Hebu tumtazame mtu wa kubuni. Fundi wa simu, miaka 27, kapanga chumba kimoja. Saa sita usiku bando la usiku linaanza. Anajiambia atatazama moja alale. Saa saba na nusu ana kurasa kumi na mbili wazi na hajamaliza hata video moja. Anaruka kutoka hii kwenda ile, anavuta mbele, anarudi, anatafuta ambayo "ndiyo yenyewe". Kinachoonyeshwa kimeshamchosha, ila kidole hakitulii. Saa tisa anafuta kila kitu, anajitoa kwenye makundi yote ya koneksheni ya Telegram, yale ya kupeana video hizo, anaapa. Asubuhi anamwunganishia mteja waya vibaya kwa usingizi. Alhamisi ameshaomba kiungo cha kurudi kundini.

Yule anayeruka kurasa bila kufurahia ameonekana hata maabara. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na Valerie Voon, waliwapima ubongo wanaume 19 wenye tatizo hili na wengine 19 wasio nalo, huku wakiwaonyesha video za ngono. Wenye tatizo walikuwa na hamu kubwa zaidi ya kuziona, na sehemu za ubongo zilizowaka zilikuwa zile zinazowaka kwa waraibu wa dawa za kulevya wakionyeshwa dawa. Walipoulizwa wanazipendaje video hizo, hawakuzipenda kuliko wenzao. Hamu na raha ni njia mbili tofauti kichwani. Dopamini, ambayo watu huiita homoni ya raha, kazi yake kubwa ipo upande wa hamu.

Mwaka huohuo utafiti wa Berlin, wenye wanaume 64, ulikuta kwamba waliotazama saa nyingi zaidi walikuwa na sehemu moja ya ubongo ndogo kidogo. Habari hiyo ilizunguka dunia kama "ponografia inakausha ubongo". Watafiti hawakusema hivyo. Waliwapima mara moja tu, kwa hiyo huenda wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaovutwa kutazama sana. Ukitumiwa video ya mtu mwenye koti jeupe anayekwambia vingine, mwache aongee.

Wako wangapi? Inategemea unauliza nini. Ukiuliza nani ametazama, hasa kwa wanaume wenye simu, utapata wengi mno hata swali linakosa maana. Marekani walipouliza watu wazima kama wanajiona waraibu wa ponografia, asilimia 11 ya wanaume na 3 ya wanawake walikubali kwa kiwango fulani, kwa utafiti uliotoka 2019. Utafiti mpana wa nchi 42, wenye washiriki zaidi ya 82,000, ulikadiria kwamba karibu asilimia 5 wako kwenye hatari kubwa ya kuwa na ule ugonjwa wa kushindwa kujidhibiti, na wanawake wamo. Mtu mmoja kati ya ishirini si mchache. Tatizo letu ni kwamba wale kumi na tisa nao wanaambiwa ni wagonjwa.

Hapo kuna kifungu kwenye maelezo ya Shirika la Afya Duniani ambacho watu wa dini na wasio wa dini wote hukiruka: dhiki inayotokana tu na mtu kujihukumu kimaadili haitoshi kumfanya awe mgonjwa. Mwanasaikolojia Joshua Grubbs na wenzake wamelichunguza hili kwa miaka, na wamekuta kwamba anayeamini ponografia ni dhambi huwa mwepesi zaidi kujiita mraibu, hata kama anatazama kidogo. Mtu anatazama mara moja kwa mwezi, analia, anafunga siku tatu, anajiita teja. Majuto yake ni ya kweli, na imani yake ni haki yake. Akitaka kuacha kwa sababu dini yake imekataza, sababu hiyo inatosha kabisa. Hahitaji cheti cha ugonjwa. Ila huyo shida yake ni aibu, na ukimtibu uraibu utamwongezea aibu juu ya aibu. Vijana wa balehe nao, mwongozo unaonya, wasipachikwe jina hili kwa sababu tu wana hamu kubwa na punyeto ya mara kwa mara.

Kwenye madhara ndipo biashara ilipojenga nyumba. Umeyaona mabango: "punyeto imelegeza mishipa, dawa ya mitishamba, lipa ukipokea". Hakuna ushahidi kwamba punyeto inaharibu mishipa ya uume. Nguvu za kiume hupungua kwa kisukari, presha, sigara, pombe, baadhi ya dawa za hospitali, sonona, na sana kwa wasiwasi wenyewe. Kweli wapo wanaume wanaosisimka mbele ya skrini na kushindwa mbele ya mke, na wengine wanasema hali ilirudi walipoacha kutazama. Tafiti juu ya hilo zinapingana. Kijana wa miaka 24 mwenye tatizo hilo na anayekojoa mara kwa mara usiku apime sukari kabla ya kununua chupa ya mtu.

Madhara ninayoyaogopa zaidi hayamo kwenye mabango. Usingizi. Pesa ya bando. Mke anayekuta simu imegeuziwa ukutani kila akiingia chumbani, na kinachomuuma kuliko video ni uongo wa miezi minane. Mtoto wa darasa la sita aliyefundishwa na skrini, kabla ya mzazi kusema neno, kwamba mwanamke akisema hapana anamaanisha endelea. Na anayesambaza video hizi, Tanzania, anavunja pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata akiita ni utani wa kundi.

Kuna jambo moja dogo ambalo familia hulikosa. Baadhi ya dawa za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka mwili, zile zinazoiga dopamini, zinaweza kumbadilisha mzee mtulivu akawa hashikiki kwa mambo ya ngono au kamari. Watoto wanasema baba karogwa. Dawa ikirekebishwa na daktari, mara nyingi baba anarudi. Vilevile mtu mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, akiwa kwenye kupanda, anaweza kufanya mambo ambayo hayana uhusiano wowote na uraibu.

Aliye kweli miongoni mwa ile asilimia 5 anasaidika. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kutambua kinachowasha hamu, ambacho mara nyingi ni upweke, uchovu au ugomvi wa mchana kuliko nyege zenyewe, kisha kuiacha hamu ipite bila kupigana nayo wala kuitii. Dawa kama naltreksoni, inayotumika pia kwa waraibu wa pombe, hujaribiwa kwa baadhi ya wagonjwa. Simu kulala sebuleni inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kuhesabu siku za kutotazama kunawasaidia wengine na kuwaumiza wengine: anayeteleza siku ya 23 husema zote zimepotea, na usiku huo hutazama kuliko mwezi mzima uliopita.

Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo cha afya ya akili. Ukifika, usianze na "nina tatizo la nguvu", maana utaishia maabara. Mwambie daktari unalala saa ngapi, umejaribu kuacha mara ngapi, umepoteza nini, na kama bado unafurahia. Hilo la mwisho asipokuuliza, mwambie mwenyewe.