Wingi wa Wanachama na Utulivu wa Kikundi

Kikundi cha kuweka na kukopa kinapoyumba hapa Moshi, lawama huanzia kwa mweka hazina, kisha humfikia mwenyekiti, na ni nadra mtu kuuliza kina wanachama wangapi. Swali hilo lingestahili kutangulia. Watu watano wana mahusiano 10 ya mtu na mwenzake. Wakifika 15 huwa 105, na wakifika 30 huwa 435, yaani watu wameongezeka mara sita, ilhali mianya ya kutoelewana imezidi mara arobaini.

Bidii nayo hupungua. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha kwamba watu wanane wakivuta kamba pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. (Wahenga waliosema panya wengi hawachimbi shimo hawakuhitaji kamba.) Sehemu ya upungufu huo hutokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu nyingine ni utegeaji wa yule anayeamini kuwa hataonekana. Vivyo hivyo, mwenye kuchelewesha marejesho hujificha kwa urahisi kati ya watu 50, lakini si kati ya 15.

Udogo pia una gharama yake: katika watu watatu, wawili wakishikamana, wa tatu hubaki mpweke.

Ndiyo maana naona utaratibu wa VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, una busara. Wanachama, ambao kwa kawaida hawazidi 30, hugawanywa watano watano na kudhaminiana, hivyo suala la mkopo uliochelewa hushughulikiwa kwanza na wenzake wanne wanaomfahamu mhusika hadi nyumbani kwake, kabla halijafika mkutanoni. KNCU, muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, ilijengwa kwa mantiki inayofanana na hiyo: mkulima wa kahawa alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha eneo lake, na vyama hivyo ndivyo vilivyounda muungano.

Kikundi kilichokwisha kuwa kikubwa kinaweza kugawanyika, ila wakati unaofaa ni mwisho wa mzunguko, mikopo ikiwa imerejeshwa na hisa zimegawanywa, kwa sababu kutengana huku madeni yakiwa mikononi mwa watu huzua mabishano juu ya nani ataendelea kumdai nani.