Milima ya Usambara haikutokana na volkano

Kwa kuwa Kilimanjaro ni volkano, ni rahisi mtu wa Tanga kudhani kwamba Usambara nayo ilitokana na moto kama ule. Miamba yake inakataa. Kilimanjaro ilianza kujengwa na lava takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, miamba ya Usambara ina zaidi ya miaka milioni 600.

Anayetoka pwani kwenda Amani, huko Usambara Mashariki, huwa anarudi nyuma kwenye historia ya dunia. Jiji la Tanga limekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo kwetu wanajiolojia ni mapya kabisa. Mapango ya Amboni yalichongwa na maji ndani ya chokaa iliyotuama baharini enzi za dinosaria. Kuelekea bara kuna mawe ya mchanga, yaani mchanga uliotuama wakati Afrika, Madagaska na India zilipokuwa bado bara moja. Kisha, kabla hata hujaanza kupanda, unakuta naisi.

Naisi ni jiwe gumu lenye mistari ya weupe na weusi. Ilitokea pale mapande makubwa ya mabara yalipogongana, miamba ikasukumwa zaidi ya kilometa 25 chini, ikageuzwa na joto na mgandamizo. Vito vya bonde la Umba vimo katika ukanda huohuo wa miamba.

Milima yenyewe ilikuja baadaye sana. Ardhi ilivutwa ikapasuka. Mapande mengine yakapanda, mengine yakadidimia, kwa awamu nyingi. Simama Mombo utazame juu kuelekea Lushoto: ukuta ule ni ukingo wa pande lililopanda. Bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Mashariki na Magharibi, ni sehemu iliyobaki chini. Milima ya Udzungwa ina asili hiyohiyo.

Kuta hizo huzuia upepo wa Bahari ya Hindi na kuulazimisha uangushe mvua, na mvua ndiyo iliyokuza msitu. Hapa ndipo naomba tuwe makini. Naisi isiyo na nyufa haihifadhi maji. Maji hukaa kwenye nyufa zake na kwenye udongo mwekundu ulio juu yake. Udongo huo umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, na rutuba yake iko zaidi kwenye majani yanayooza juu. Msitu ukifyekwa kwenye mteremko, mvua husomba udongo huo hadi Mto Zigi, nao mto huujaza kwenye bwawa la Mabayani, linalotegemewa kwa maji ya bomba Tanga mjini.